Kimpira Chenye Matundu

Siku ile Hadijah alitoka Koboko kwenda Arua kuulizia marehemu. Marehemu wenyewe walikuwa masikio yake mawili, na aliyemletea habari ya msiba ni mumewe, Swaib, muuza vitenge, mtu mpole wa maneno ambaye majirani wote walimwonea Hadijah wivu kwa kuolewa naye. Swaib ndiye aliyekuwa akizipeleka Arua mashine za kusikia za mkewe kila zilipoharibika, na Swaib ndiye aliyerudi na kauli ya wataalamu: masikio yanaendelea kufa, mashine hazifui dafu tena, tumshukuru Mungu kwa muda ule uliopatikana. Hadijah alilia, akanyamaza, akaanza kuzoea. Lakini Ijumaa ilikuwa inakaribia, na Ijumaa hiyo alikuwa ameahidi kuwakabidhi wenzake ngoma, na ngoma haikabidhiwi kwa habari ya kusikia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo Swaib alipovuka mpaka kwenda Ariwara, upande wa Kongo, kuchukua mali, mkewe alijifunga kitambaa kichwani, hakumwambia mtu, akaenda kuuliza mwenyewe.

Hapo kwenye ngoma inabidi nisimame kidogo, maana asiyeijua ngoma ya Hadijah hatauelewa uchungu wake. Ilikuwa ngoma ya dholuka, ile ambayo wanawake wa Kinubi huipiga harusini, na aliachiwa na mama yake mzazi. Katika kikundi chao waimbaji ni wengi na kila mmoja ana mdomo wake, ila mwenye ngoma ni mmoja, anakaa chini katikati yao. Wimbo ukitaja watu kwa majina, yeye ndiye shahidi. Akiupiga hadi mwisho, amekubali kila kilichoimbwa, na kuanzia hapo hawezi kwenda mahali popote kusema hakujua. Asipokubali, anainua mikono juu, ngoma inanyamaza, na wimbo ule hauimbwi tena na mtu yeyote. Mama yake aliwahi kuinua mikono katikati ya wimbo uliomsifu bwana harusi mmoja, na wazee wakalazimika kurudi kwenye mkeka kuulizana upya. Hiyo ndiyo heshima ambayo Hadijah alikuwa anakwenda kuivua Ijumaa, kwa sababu shahidi asiyesikia ni wa nini?

Na alikuwa amewahi kusikia, jamani! Hilo ndilo lililomuuma. Baada ya miaka ya kuambiwa kila jambo kwa ishara na kwa kelele, alivishwa mashine zile mbili, moja nyuma ya kila sikio, na kutoka kila moja waya mwembamba ukiingia ndani na kimpira laini kwenye ncha. Akasikia vitunguu vinavyokaanga. Akasikia mjukuu wake akiomba maji kutoka chumba cha pili, akamwitikia, mtoto akashtuka. Akawakosoa waimbaji maneno yao hadi wakasema afadhali zamani. Ukafika wakati vimpira vikachakaa, vikageuka njano na kukakamaa, kimoja kikachanika. Swaib akasema yeye si anakwenda Arua kila mara kwa biashara, mama wa watoto asumbukie nini? Akarudi na pakiti mpya na kumvalisha kwa mikono yake, taratibu, akimpuliza nywele pembeni. Tangu siku hiyo Hadijah akasikia malori, akasikia ngoma yake, na maneno ya watu yakawa mvumo tu.

Mahali penyewe Arua, pale alipovishwa mashine, palikuwa chumba kidogo chenye meza, kompyuta na kabati la visanduku. Mwenye meza aliitwa Pasca, Mlugbara wa makamo, na alimkumbuka Hadijah mara moja. Alimsogelea, akasema mdomo wake ukionekana vizuri, kama wanavyofundishwa watu wa kazi ile.

"Mama, karibu. Umepotea sana. Iko na shida gani?"

"Shida iko masikio. Bwana yangu anasema imekufa. Mimi nataka wewe mwenyewe unaniambia. Kama imekufa, sema imekufa."

Pasca alisogeza kiti. Alimvua mashine, akamvika spika kubwa za kichwani, akampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Hadijah alibonyeza, akangoja, akabonyeza, jasho likimtoka kama mtoto anayeulizwa sura mbele ya maalimu. Walipomaliza, Pasca aligeuza kompyuta ili naye aone mistari miwili, wa siku ile ya kwanza na wa leo. Ilikuwa imelaliana.

Pasca akachora kwa kidole hewani mstari ulionyooka, kisha akamrudishia mashine ili amsikie walau kidogo, akapaza sauti. "Masikio yako haikusogea, mama. Iko palepale."

"Basi mashine ndiyo imekufa."

"Ngoja naangalia."

Akazivua tena mashine, akaanza kuzikagua hatua kwa hatua, na Hadijah akimkodolea macho mdomoni. Akafungua mlango wa betri: betri zilikuwa za kibandiko cha rangi ya chungwa, ndizo zake. Akatazama alama nyekundu ya kulia na ya bluu ya kushoto, kama nyaya hazikubadilishwa upande. Akasoma herufi iliyochorwa kwenye kispika kidogo mwisho wa waya, maana kuna vispika dhaifu na vyenye nguvu, na cha mtu mmoja hakimfai mwingine. Kilikuwa kilekile chenye nguvu. Akachomoa kichujio cha nta ya sikio, akakiinua kwenye mwanga, kilikuwa safi. Kikabaki kimpira. Pasca alikigeuza mbele ya dirisha, na Hadijah akaona vitundu vidogo vikizunguka ukingo wake wote.

"Hii," Pasca akasema, "hii iko na matundu."

"Nimeona."

"Yako ilikuwa hapana matundu. Ilikuwa iliyoziba, kubwa. Hii yenye matundu iko ya mutu anasikia karibu vizuri, anapoteza kidogo tu. Wewe ukiivaa, sauti ya mashine inaingia kwa sikio, inatoka tena hapa na hapa na hapa. Mashine ikitaka kuongeza nguvu, inapiga filimbi, inajipunguza yenyewe. Unabaki na gari na ngoma. Maneno inapotea."

Hadijah aliomba arudiwe, akarudiwa. Halafu akaangua kicheko hadi akashika meza. "Wanaume! Swaib yangu huyo! Ameona tundu, amefikiri sauti itapita hapo!" Na kweli, ndugu yangu, hata wewe na mimi tungeambiwa tuchague, kimpira chenye matundu na kisicho na matundu, tungesema cha matundu ndicho kitakachopitisha sauti. Kosa la mtu anayetaka mema. Aliona hata haya kwa machozi yote aliyoyamwaga kumbe ni ujinga wa muuza vitenge.

Pasca hakucheka naye. Alifungua kisanduku kimoja, akakifunga, akafungua kingine.

"Mama, mimi nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hii hapana ya bibi yako. Alisema wewe mwenyewe umekataa iliyoziba, ati inakubana kichwa, ati unataka yenye matundu. Mimi nikaweka yote mbili kwa mfuko yake. Nikasema basi, mama atajaribu, atachagua yeye."

"Nyumbani ilifika moja."

"Niliweka mbili."

"Labda moja ilianguka kwa njia," Hadijah akasema haraka. "Yeye anabeba mizigo mingi."

Pasca akaitikia kwa kichwa, lakini aliitikia akiitazama meza. Akatoa vimpira vipya, vizima, vikubwa, vya kampuni iliyotengeneza mashine zile, akaeleza kwamba cha kampuni nyingine kinaweza kuonekana ndicho, halafu ukivuta waya kikabaki ndani ya sikio. Akavisukuma hadi vikaingia vizuri kwenye ncha, akavivuta kujaribu kama vimeshika, akamvika.

Kwanza Hadijah alisikia kiti cha Pasca. Kisha kifuniko cha kalamu. Kisha nje ya dirisha wanawake wawili wanagombana juu ya nyanya zilizopondeka, na kila tusi lilimfikia zima, na mwisho na katikati yake. Akafunika uso kwa mtandio, akalia kwa furaha. Masikio hayakuwa yamekufa. Hata ugonjwa wake haukuwa umezidi. Vile vimpira vya matundu aliviomba, akavifunga kwenye pembe ya mtandio, apate kumtania navyo Swaib.

Njia nzima ya kurudi Koboko alikaa kimya akiyala maneno ya watu. Alikuwa ameshapanga furaha yake: hatamwambia mtu yeyote. Atakaa kwenye mazoezi ya alasiri ile kama kiziwi wao wa kila siku, atawasikiliza wanavyovuruga nyimbo, kisha ghafla atawakosoa mmoja mmoja kwa jina. Usiku atamfanyia vivyo hivyo Swaib. Alikuwa anacheka peke yake kwa mawazo hayo, mama mzima.

Mazoezi yalikuwa uani kwa Bakita, kiongozi wa maneno, rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Wanawake walimpokea kwa ishara na kwa kumpigia kelele sikioni, naye akajifanya hasikii. Akakaa chini, akaivuta ngoma mapajani. Bakita akampungia mkono aanze wimbo uleule waliouimba sana siku za karibuni, ule wa harusi ya binti wa mzee Kamisi kule Arua. Hadijah aliupenda wimbo ule. Aliwahi kuuliza unasema nini, na Bakita akampigia kelele sikioni kwamba unamsifu bibi harusi. Mikono yake iliujua wimbo vizuri mno. Akaanza kupiga, akiinamisha kichwa ili wasimwone anavyotabasamu, na wanawake wakaingia.

*Swaib ya vitenge iko na nyumba mbili,*
*moja Koboko, ingine Arua,*
*binti ya Kamisi amewasha jiko,*
*mwenye ngoma amekubali,*
*mwenye ngoma amepiga.*

Mikono haikusimama. Hilo ndilo ambalo hakuweza kujisamehe baadaye, kwamba mikono iliendelea kama haikuwa yake. Wimbo ulirudiwa, maana huwa unarudiwa, na mara hii alilisikia kila neno kwa utulivu wa kutisha, jina la mumewe, kazi ya mumewe, mji wake na mji mwingine. Kuna mtu huliwa kisogo, akateta na waliomteta, yakaisha. Huyu alikuwa ameliwa usoni, wakati yeye mwenyewe anawapigia ngoma.

Na hapo harusi ile ikamrudia yote. Jinsi walivyompeleka Arua kwa shangwe. Jinsi alivyoambiwa bwana harusi ni kijana wa Bombo. Swaib alikuwa Ariwara siku hiyo, au ndivyo alivyoaga, na ndoa ilifungwa msikitini, mambo ya wanaume, nani angemtazama nani? Jinsi alivyopiga hadi viganja vikavimba, akicheka, akimfurahia binti wa watu. Na yule binti, uso wake umefunikwa, alikuja akapiga magoti mbele yake na kumshika magoti yake yote mawili, na wanawake wakapiga vigelegele. Hadijah alimpapasa kichwa. Alidhani ni adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri.

Wimbo ulipokwisha, wanawake walikwenda kwenye chai. Hadijah alimshika Bakita mkono, akambakiza.

"Bakita," akasema polepole, "binti ya Kamisi amewasha jiko ya nani?"

Bakita alifungua mdomo apige kelele ya kawaida, kisha akaona namna anavyotazamwa. Akakaa chini.

"Unasikia," akasema.

"Nasikia. Sema."

"Dada yangu..."

"Dada yako atalia baadaye. Sema."

Bakita akasema. "Swaib alikuja hapa, alikaa palepale umekaa. Alisema wewe umekubali, umempa ruhusa kwa roho moja. Lakini moyo yako inauma, mutu yeyote asikuambie kitu kwa mdomo, ati wewe utasema kwa ngoma. Watu yote walikusifu, Hadijah. Walisema mwanamke kama wewe hapana tena Koboko."

Kumbe ndiyo sababu! Miezi ile yote wanawake walivyomnyanyukia akipita, walivyomtengea kipande cha nyama, walivyomshika bega kwa huruma, alidhani wanamhurumia uziwi. Walikuwa wanamvisha kilemba cha ukoka, na kilemba chenyewe mumewe ndiye aliyekifunga.

"Na wewe uliamini?"

"Mara ya kwanza, wallahi, niliamini. Halafu siku ya harusi nilikuangalia. Ulikuwa unacheka. Yule msichana anakushika magoti, wewe unacheka na meno yote. Nikajua huyu hapana sikia. Huyu hapana jua kitu."

"Ukanyamaza."

"Tulikuwa tumeshaimba," Bakita akasema, na machozi yakamtoka. "Tulikuwa tumeshaimba, wewe umeshapiga. Ningesema nini? Kila siku nilisema kesho."

Hadijah aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Bakita. Hakumtukana, ingawa mimi ningemtukana. Ujana wao wote walikuwa wamelala mkeka mmoja, wakasukana nywele, wakazikiana wazazi, na huyu ndiye aliyemwona amesimama ukingoni mwa shimo, akasema kesho. Alibeba ngoma yake chini ya kwapa, akatoka, na wale waliokuwa kwenye chai wakampungia mikono kama kawaida.

Njiani kwenda nyumbani hakuwa anafikiria mke wa pili. Tuseme kweli, hilo lilimuuma kama linavyouma, lakini ni jambo la ruhusa, mama yake alikaa na mwenzake, shangazi zake walikaa na wenzao. Swaib angekuja akasema, wangegombana, wangenuniana, wazee wangekaa, maisha yangeendelea. Alificha kwa sababu ni mwoga, na mwoga unaweza kuishi naye. Alimtumia akiwa kiziwi, na hiyo ni aibu, lakini labda shetani alimwonyesha nafasi iliyokwishakuwepo. Kilichokuwa kinamtafuna Hadijah ni kingine. Vimpira. Je, alikosea, kama yeye mwenyewe alivyocheka pale mezani kwa Pasca, akaona matundu akadhani ni njia ya sauti? Au alijua? Alitaka sana awe alikosea. Ningekuwa naye njiani ningemwambia pakiti haianguki kutoka kwenye mfuko uliofungwa, lakini angeniziba mdomo. Ukilala na mtu maisha yako yote, humhukumu kwa kimpira.

Swaib alikuwa amesharudi. Alikuwa uani, amekunja suruali, anayapanga majora ya vitenge vya Kongo juu ya mkeka, mpole yuleyule. Alipomwona mkewe alipaza sauti hadi majirani wakasikia, kama alivyozoea.

"Mama Hakimu! Umetoka wapi? Nimekutafuta!"

"Arua," Hadijah akasema.

Kitenge kilimponyoka mkononi. Kilikuwa kitu kidogo sana, kitambaa kinaanguka juu ya vitambaa, lakini aliyesoma midomo na mikono ya watu kwa miaka mingi haachi kukiona. Swaib alisimama, akamsogelea, akauliza kwa kelele na kwa vidole, akionyesha sikio: "Arua? Kwa ile watu ya mashine? Wamesema nini?"

Basi hapo akaamua. Hakuwa amepanga, ilimjia tu, na alipoifungua midomo alikuwa bado anamwombea mumewe.

"Wamesema imekufa, Baba Hakimu. Hapana rudi tena."

Aliutazama uso wake. Swaib alikunja uso kwa huzuni, akamshika mikono yote miwili, akaileta kifuani mwake. "Pole!" akapaza sauti. "Pole sana, Mama Hakimu! Ni mapenzi ya Mungu! Mimi niko, unasikia? Mimi niko!" Na kwa nusu pumzi Hadijah alimwamini, akataka kumwambia hapana, nakutania, nasikia, njoo tucheke. Swaib alimwachia mikono, akamgeuzia mgongo ainame kuokota kitenge chake, akashusha pumzi ndefu. Akasema kwa sauti ndogo, ya kwake na Mungu wake:

"Alhamdulillahi."

Kuku walikuwa wanachakura karibu na jiko, na Hadijah aliwasikia.

"Ya nini, Baba Hakimu?" akauliza, bila kupaza sauti.

"Ya nini nini?" Swaib akajibu akiwa ameinama, kama anavyojibu mtu yeyote anayeulizwa na mtu anayesikia. Kisha mgongo wake ukakakamaa. Akageuka polepole.

"Unamshukuru Mungu ya nini? Masikio yangu kufa?"

"Mama Hakimu..."

"Dini ilikuruhusu bibi ya pili. Ungeniambia, ningelia, ningenyamaza. Masikio yangu, nani alikuruhusu?"

Alijaribu, si kwamba hakujaribu. Alisema yeye ni mtu wa vitenge, anajua nini mambo ya mashine, aliona ile iko na matundu, alifikiri sauti itaingia vizuri zaidi. Alilisema jibu lilelile ambalo Hadijah alimtungia asubuhi kwa upendo wote, karibu neno kwa neno.

"Na pakiti ya pili?"

Swaib akainama tena kwenye vitenge vyake.

"Pasca aliweka mbili kwa mfuko. Ile iliyoziba uliitupa wapi? Kwa choo? Kwa mto? Ulinivalisha hii na mkono yako, Swaib. Ulinipuliza nywele."

Tangu mtoto wa kwanza hakuwa amemwita kwa jina lake. Alifungua pembe ya mtandio, akavitoa vile vimpira viwili vyenye matundu, akamwekea kiganjani na kumfunga vidole juu yake. Swaib akabaki amekunja ngumi katikati ya mali yake, hajui aitupe au aishike.

Hadijah hakumngoja. Alilifungua geti la mabati wazi kabisa, akakaa chini palepale kizingitini, mbele ya njia, akaiweka ngoma mapajani, akaupiga ule wimbo. Jua lilikuwa bado lipo na watu walikuwa wanatoka sokoni. Wanawake wa kikundi, waliokuwa wametoka kwa Bakita, waliisikia, wakaja mmoja mmoja wakidhani anawaita, na kwa sababu ngoma ilikuwa ngoma yao na wimbo wimbo wao, wakaingia kuimba. Watoto wakajaa. Mlango wa jirani ukafunguliwa. Bakita alifika wa mwisho, akasimama mbali, na midomo yake nayo ikaanza kusogea. Wakaimba vitenge, wakaimba nyumba mbili, wakaimba jiko la binti wa Kamisi, na Swaib nyuma ya geti anamwita mkewe kwa sauti ya chini, anamsihi.

Walipofika pale pa mwenye ngoma amekubali, Hadijah aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akaiacha hapo.

Sauti ziliendelea kidogo bila ngoma, maana hakuna aliyetegemea. Kisha zikaanza kukatika, huyu hapa na yule pale, wakitazamana, na yeye akazisikia zote zikizimika hadi ya mwisho, na ya mwisho ilikuwa ya Bakita.